Lifti ipo, lakini inaishia wapi? Kiti cha magurudumu katika vituo vya zamani vya reli ya chini ya ardhi, London

Mwana wa Kisauni ameuliza:

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu nyote. Mniwie radhi mapema, kwa sababu neno jukwaa litatumika humu kwa maana mbili, hili letu la mazungumzo na lile la kungojea treni.

Mama yangu mzazi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili mwenye umri wa miaka 71, anatarajiwa kufika kutoka Mombasa mwezi ujao, akae nami Woolwich, hapa London, kwa majuma sita. Tangu alipopatwa na kiharusi anatumia kiti cha magurudumu cha kusukumwa. Akishikwa mkono anaweza kusimama na kupiga hatua tatu nne penye sakafu sawa, lakini kupanda au kushuka ngazi, hata kipandio kimoja, hawezi. Wala sitaki abebwe mbele ya umati kama gunia la bandarini, kwa kuwa namjua: siku hiyo hataniambia kitu, ila hatatoka tena nyumbani mpaka siku ya kurudi.

Ana haja mbili. Ya kwanza ni kwenda SOAS, pale chuoni karibu na Russell Square, akaione kwa macho yake miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambayo amewasimulia wanafunzi habari zake kwa miaka thelathini bila kuiona. Ya pili ni kumtembelea kaka yake, yaani mjomba wangu, anayekaa hatua chache kutoka kituo cha Caledonian Road.

Linalonitatiza ni hili. Kituo cha Russell Square kina lifti. Nimezipanda mwenyewe mara nyingi. Hata hivyo, kwenye ramani ya reli hakuna alama ya kiti cha magurudumu hapo, ilhali Caledonian Road, kilicho kwenye njia ileile ya Piccadilly na kinachofanana nacho kwa sura kama pacha, kina alama. Je, ramani imekosea, au kuna jambo ambalo sisi wenye miguu mizima hatulioni?

Mhudumu wa Zamu amejibu:

Kaka, ramani haijakosea. Nimefanya kazi vituoni kwa miaka tisa na swali lako ni miongoni mwa yale ninayoulizwa mara kwa mara, tena huulizwa na mtu ambaye tayari yuko chini na amekwama.

Lifti za Russell Square hazifiki jukwaani. Zinaishia kwenye ujia ulio juu kidogo ya mahandaki, na kutoka hapo abiria humalizia kwa ngazi fupi hadi kwenye treni. Mtu mzima wa miguu huzishuka ngazi hizo akiwa anasoma simu, na akifika nyumbani hakumbuki kwamba alizishuka. Covent Garden ni vivyo hivyo. Caledonian Road, kwa upande wake, mlango wa lifti unafunguka usawa wa jukwaa lenyewe. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba kituo fulani kina lifti, uliza palepale: inaishia wapi?

Swali hilohilo ulirudie mara ya pili kati ya jukwaa na treni. Ramani ina alama mbili ambazo watu wengi huzichukulia kuwa ni moja. Kiti cheupe ndani ya duara la buluu maana yake ni kwamba kutoka barabarani hadi ndani ya treni hakuna ngazi. Kiti cha buluu ndani ya duara jeupe maana yake ni kwamba unafika jukwaani bila ngazi, lakini mbele yako kuna kipandio au mwanya, na pengine vyote viwili, hivyo utahitaji rampu, yaani ubao wa mteremko wa kupitishia kiti. Vituo vyote vya reli hii ni 272, na vyenye mojawapo ya alama hizo ni kama theluthi moja tu.

Kuhusu rampu, huna haja ya kuweka miadi siku moja kabla. Mkifika kwenye kizuizi cha tiketi, pitieni lango pana na mwambieni mhudumu mnakokwenda. Atawapeleka jukwaani, ataweka rampu, kisha atawaarifu wenzake wa kituo cha mwisho kuhusu treni na behewa mlilopanda ili mtu awangojee na rampu yake. Tafadhali msibadilishe behewa njiani, wala msiamue kushuka kituo kingine kwa sababu mmeona duka zuri. Yule aliyesimama na rampu atabaki anaitazama treni ikiondoka, na ninyi mtakuwa mahali ambapo hakuna anayewatarajia.

Fundi Ujenzi ameandika:

Naomba niongeze sababu, maana ukijua sababu utaweza kuvisoma vituo hivi hata bila ramani.

Russell Square na Caledonian Road vilifunguliwa siku moja, tarehe 15 Desemba 1906, na kampuni moja, vikiwa vimechorwa na msanifu mmoja, Leslie Green. Kijana huyo alichora vituo vipatavyo hamsini vyenye vigae vyekundu kama damu ya ng'ombe, kisha akafariki mwaka 1908 akiwa na miaka 33 tu. Wakati huo eskaleta, yaani ngazi zinazojiendesha zenyewe, hazikuwapo katika reli hii. Ya kwanza iliwekwa Earl's Court mwaka 1911, na husimuliwa kwamba waliajiri mtu mwenye mguu mmoja aipande na kushuka mchana kutwa ili abiria waone kuwa haina hatari. (Sijui kama kisa hicho ni cha kweli, ila nakipenda.) Kwa hiyo kila kituo cha chini sana cha zama zile kilijengwa na lifti za umeme tangu siku ya kwanza.

Tatizo liko katika mahali zilipoishia. Mahandaki ni mawili, moja kwa treni ziendazo na jingine kwa zirudizo, na shimo la lifti huchimbwa pembeni. Ili abiria afike jukwaa lolote kati ya hayo mawili bila kukatiza reli, njia nyepesi ilikuwa kumshushia juu ya mahandaki, apite kwenye kijia kama daraja, kisha ashuke kwa ngazi upande autakao. Hakuna aliyemfikiria mtu mwenye kiti cha magurudumu. Pale Caledonian Road ujia wa lifti ulitokea kuwa usawa mmoja na majukwaa, na leo mjomba wako anafaidi.

Jambo jingine ni kwamba kampuni zile zilifuata barabara zilizo juu ili zisilipe fidia kwa wenye majengo. Barabara ikipinda, handaki linapinda. Barabara ikiwa nyembamba, handaki moja linawekwa juu ya jingine, kama ilivyo Chancery Lane. Jukwaa lililopinda haliwezi kukutana vizuri na behewa lililonyooka, ndipo panapozaliwa ule mwanya unaoonywa kila siku kwenye vipaza sauti. Ukitaka leo kuongeza lifti, unahitaji kiwanja juu katikati ya jiji, unapita kwenye mabomba ya maji taka, nyaya na misingi ya majengo, na unalazimika kufanya hayo yote bila kusimamisha treni. Vituo vya zamani ni vya zamani, ndugu zangu. Si kila kitu ni ubaguzi.

Bi Kiti Mwendo amejibu:

Nimekaa katika kiti hiki kwa miaka ishirini na miwili, kumi na minane kati yake hapa London, na maelezo ya ndugu yangu Fundi nayaheshimu mpaka pale kwenye sentensi mbili za mwisho. Hapo naomba tusimame kidogo.

Kama tatizo lingekuwa uzee, Leicester Square, kilichofunguliwa siku hiyohiyo ya mwaka 1906, kisingenyimwa lifti zake. Kilikuwa nazo. Ziliondolewa katika miaka ya 1930 na mahali pake zikawekwa eskaleta, kwa sababu eskaleta hupitisha watu wengi zaidi kwa dakika. Mwendo wa wengi uliongezeka, na mlango wa wachache ukazibwa. Kisha tazama njia ya Victoria. Hiyo haikujengwa na babu zetu. Ilianza kufunguliwa mwaka 1968, watu wakiwa wanajiandaa kutua mwezini, na ilijengwa kwa eskaleta bila kumfikiria mtu wa magurudumu. Sehemu ya kwanza ya njia ya Jubilee ilifunguliwa mwaka 1979, hali ni ileile. Halafu njia hiyohiyo ikarefushwa hadi Stratford mwaka 1999, na kuanzia Westminster kwenda mashariki kila kituo kipya kikawa na lifti kutoka barabarani hadi jukwaani. Udongo wa London haukubadilika katika miaka ile ishirini. Kilichobadilika ni fikra za watu, na mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria dhidi ya kuwabagua watu wenye ulemavu, nayo haikutoka mbinguni. Watu wenye viti kama changu walijifunga kwa minyororo kwenye mabasi mpaka wakasikilizwa.

Washington walifungua reli yao ya chini ya ardhi mwaka 1976, miaka mitatu kabla ya Jubilee ya kwanza, nayo ilikuwa na lifti, kwa sababu watu wenye ulemavu walikwenda mahakamani mapema na mahakama ikawaunga mkono. Kwa hiyo tunapotaja umri wa kituo, tutaje pia ni nani aliyekuwa hahesabiwi kilipochorwa.

Sasa nirudi kwa Mwalimu wetu, maana ndiye tuliyemkusanyikia.

Mwanangu, Russell Square usahau. Wewe unakaa Woolwich, na hapo una njia ya Elizabeth iliyofunguliwa tarehe 24 Mei 2022, ambayo vituo vyake vyote 41 havina ngazi mpaka jukwaani. Na kati ya Paddington na Woolwich sakafu ya treni iko sawasawa na jukwaa, unaingia kama unavyoingia sebuleni. Pandeni Woolwich, shukeni Tottenham Court Road, treni moja bila kubadilisha. Zingatia hili: treni hiyo ina urefu wa mita 200 na zaidi, na kituo kina njia mbili za kutokea zilizo mbali sana. Mkitoka mashariki kwenda magharibi, kaeni mabehewa ya nyuma, mtokee upande wa jengo refu la Centre Point, wala si upande wa Dean Street, la sivyo utamsukuma mama urefu wa kiwanja cha mpira, tena mara mbili. Kutoka hapo hadi SOAS ni kama kilomita moja ya tambarare, mkipita karibu na British Museum. Na waandikieni watu wa maktaba mapema, kwa sababu miswada ya aina hiyo haitolewi kwa mgeni aliyefika tu mlangoni.

Kwa mjomba, pandeni Elizabeth hadi Farringdon na tokeni upande wa Cowcross Street, mvuke barabara mwingie kituo cha zamani kilicho mkabala. Chukueni treni ya Metropolitan au ya Circle kituo kimoja hadi King's Cross St Pancras, kisha Piccadilly kituo kimoja tena hadi Caledonian Road. King's Cross kuna ujia mrefu na lifti zaidi ya moja, fuateni alama za kiti na msione haya kuuliza. Mwambie Mwalimu, atafurahi, kwamba kipande kile cha kutoka Farringdon ni sehemu ya reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani, iliyofunguliwa mwezi Januari 1863. Reli kongwe kuliko zote inapitika kwa kiti, na ile ya 1968 ilihitaji kubomolewa kuta.

Ushauri wa mwisho ni wa mikono yako wewe msukumaji. Penye kipandio kidogo cha kuingia, kanyaga kile chuma cha nyuma cha kiti, inua magurudumu madogo ya mbele yaingie kwanza, kisha sukuma. Wakati wa kutoka, geuza, toka kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Magurudumu madogo yakitangulia kwenye mwanya huzama, kiti kikasimama ghafla, na aliyekaa akaendelea mbele. Mimi nimejifunza kwa meno.

Fundi Ujenzi ameandika:

Bi, nimekubali kusahihishwa kuhusu Victoria na Leicester Square. Hoja ya uzee peke yake haisimami. Nilichotaka kusema ni kwamba kosa lililofanywa kwa bei nafuu mwaka 1906, au 1968, linarekebishwa leo kwa bei ambayo ingetosha kujenga kituo kizima, na ndiyo maana hurekebishwa kituo kimoja kimoja, hasa pale panapokuwa na ujenzi mwingine wa kubebeana gharama. Green Park kilipata lifti zake mwaka 2011, Michezo ya Olimpiki ikiwa inakaribia. Tottenham Court Road kilijengwa upya kwa sababu ya njia ya Elizabeth. Kituo kisicho na bahati ya mgeni mkubwa au jengo jipya jirani hukaa foleni.

Mzee wa Queens ameandika:

Nawasoma kutoka New York, na nimecheka kidogo, kicheko cha mwenye kidonda kumwona mwenye kidonda. Reli yetu ilifunguliwa mwaka 1904 na ina vituo 472. Sheria ya Marekani kuhusu haki za watu wenye ulemavu ni ya mwaka 1990, lakini iliruhusu mji uchague kwanza vituo mia moja vya kushughulikiwa hadi mwaka 2020. Mwaka 2022, baada ya kesi za muda mrefu, shirika la reli lilikubali kwamba vituo 95 kati ya kila mia viwe vinafikika kwa kiti ifikapo mwaka 2055. Mwaka huo, Mungu akipenda, nitakuwa na miaka 96, na nitakuwa mtumiaji mzuri sana wa lifti.

Nina jambo moja tu la kumwongezea kijana. Huku kwetu kuna vituo ambavyo lifti inahudumia upande mmoja tu: unaweza kushuka ukitoka kaskazini, lakini huwezi kupanda kurudi. Kila unapopanga safari ya mwenye kiti, ipange mara mbili, ya kwenda kisha ya kurudi, kana kwamba ni safari mbili za miji miwili. Nadhani hata London si vibaya kufanya hivyo.

Mwana wa Kisauni ameuliza tena:

Nawashukuru mno, na Bi Kiti Mwendo shikamoo. Nimechapisha maelezo yako nikayabandika kwenye friji. Limebaki swali la mwisho, ambalo ndilo linaloninyima usingizi: je, tukishafika chini, na wakati wa kurudi tukakuta lifti imeharibika?

Mhudumu wa Zamu amejibu:

Hutokea, sitakudanganya. Lifti ni mashine, na pia kuna siku ambazo lifti ni nzima lakini mtumishi aliyefunzwa kuisimamia hayupo, basi hufungwa. Kabla ya kutoka nyumbani angalia hali ya lifti za vituo vyako vyote kwenye tovuti au programu ya shirika la usafiri, na uangalie tena kabla ya kuanza kurudi, kwa kuwa saa nne ni muda mrefu katika maisha ya lifti.

Mkikuta imefungwa mkiwa tayari jukwaani, msihangaike na eskaleta. Narudia, msiweke kiti kwenye eskaleta hata kama kijana mwenye misuli atajitolea. Bonyezeni kitufe cha msaada, au mkimwona mhudumu mwambieni. Kwa kawaida suluhisho ni kupanda treni tena hadi kituo cha karibu chenye lifti nzima na kumalizia kwa basi au teksi. Teksi nyeusi za hapa zote zina nafasi ya kiti na rampu. Andika kabisa kwenye karatasi kituo chako cha akiba kwa kila safari. Kwa SOAS, cha akiba chako ni Farringdon.

Tena epukeni ile saa ya watu kwenda kazini. Saa mbili asubuhi hata mimi mwenye sare sipati nafasi ya kuweka rampu.

Bi Kiti Mwendo ameandika:

Ya Mhudumu ni sahihi. Wakati mmoja, katika kituo ambacho sikitaji, nilikaa dakika hamsini jukwaani kwa sababu lifti ilifungwa nikiwa chini. Si hofu iliyonichosha, ni watu kupita wakinitazama kisha kutazama simu zao. Chukueni maji, kitenge cha kujifunika miguu, kwa kuwa mahandaki ya njia mpya yana upepo, na chochote cha kutafuna.

Mwana wa Kisauni ameandika, baada ya majuma saba:

Nilidhani ni adabu kurudi kutoa taarifa.

SOAS tulikwenda. Tottenham Court Road tulitokea upande uliosemwa, na pale Woolwich mama aliingia kwenye treni bila kujua kwamba ameingia. Aliniuliza tunangoja nini. Miswada aliiona. Alisoma ukurasa mmoja kwa sauti ya chini akifuata mstari kwa kidole kisichogusa karatasi, na kijana wa maktaba akamwomba ampe maana ya neno moja.

Kwa mjomba tulikwenda mara tatu. Mara ya pili lifti ya kituo kimojawapo njiani ilikuwa imefungwa, lakini nilikuwa nimeangalia kabla, tukashukia kwingine na kumalizia kwa basi, na ikawa kwamba mama alilipenda basi kuliko treni, kwa sababu chini hakuna cha kutazama ila nyuso za watu waliochoka. Caledonian Road alisimamisha kiti mlangoni, akavitazama vile vigae vyekundu, akauliza kwa nini hapa waliweza na pale hawakuweza. Nikamweleza habari ya ujia na mahandaki mawili. Akasema kwamba fundi aliyesahau ngazi nne za mwisho angepata alama sita kwa kumi darasani kwake, na angeirudia kazi.

Sasa ameongeza majuma mawili ya kukaa, na Jumamosi anataka kuona Greenwich. Naona kwenye ramani kuna treni ile ndogo ya DLR, ambayo naambiwa haina ngazi popote. Je, niichukue hiyo?

Bi Kiti Mwendo amejibu:

Ni kweli kwamba DLR haina ngazi, lakini kutoka Woolwich mtazunguka na kubadilisha bila sababu. Pandeni basi namba 177 pale mjini Woolwich, linafika Greenwich moja kwa moja. Rampu iko mlango wa katikati. Bonyezeni kile kitufe cha buluu na mngoje dereva afunge milango kwanza. Mkimkuta mtu mwenye kigari cha mtoto kwenye nafasi ya kiti, mwombeni kwa upole asogee, na mkae upande wa kulia mkienda, ndiko mto ulipo.